Serikali Haiko Mkononi: Pipeline na Hadithi ya Ukaribu wa Mtandaoni

Maafisa wa serikali wanaiamini, washauri wa mawasiliano wanaiuza, na hata wanaharakati wengi wa Nairobi wameikubali: kauli kwamba mitandao ya kijamii imebomoa kuta za ofisi za umma na kumketisha mwananchi ana kwa ana na wanaomtawala. Zamani, wanasema, mwenye shida aliamka alfajiri akapiga foleni kwa chifu. Leo anaandika lalamiko lake kwenye X au Facebook, na kabla chai haijapoa amejibiwa. Mwishoni mwa Juni 2023, Rais William Ruto alipozindua huduma zaidi ya 5,000 za eCitizen pamoja na programu ya simu iliyoitwa Gava Mkononi, imani hiyo ilipata jina lake rasmi.

Ni imani potofu, na inawagharimu watu. Mitandao imeipa serikali ya Kenya, sawa na za majirani zake, uwezo wa kuonekana ikijibu huku ikibaki huru kuchagua nani ajibiwe, lini, na kuhusu nini. Mwananchi amepata mahali pa kusemea, lakini hakupata haki yoyote mpya ya kusikilizwa. Na haki alizokuwa nazo tayari, zilizoandikwa kwenye Katiba na kwenye sheria za Bunge, zinakaa kabatini kwa sababu kila mtu ameambiwa kwamba njia ya mkato imepatikana.

Dai hilo lipimwe mahali ambapo lingepaswa kushinda bila jasho. Pipeline, katika eneobunge la Embakasi Kusini, ni mtaa wa vijana. Wengi wametoka mashambani wakiwa na vyeti vya shule na simu mfukoni, wakifuata kazi za viwandani, za ujenzi, za boda boda na za vibanda. Majengo ya ghorofa saba na nane yamebanana hadi vyumba vya chini vinawasha taa saa sita mchana. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 988,808 katika kaunti ndogo ya Embakasi. Mwanaanthropolojia Mario Schmidt alichapisha mwaka 2024 kitabu kizima kuhusu wanaume wa mtaa huu na mzigo wa maisha unaowaelemea. Mtandao haukosi Pipeline. Kama serikali ya mtandaoni haiwezi kumfikia mkazi wa hapa, aliye mjini, msomi wa kadiri na mwenye simu, basi haina la kumwambia mkazi wa Turkana wala wa Tana River.

Wapinzani wa hoja hii wana mfano wao wanaoupenda, na ni mfano mzuri. Francis Kariuki, chifu wa Lanet Umoja katika Kaunti ya Nakuru, alisifika duniani mwaka 2012 kwa kutumia Twitter. Usiku mmoja alipigiwa simu kwamba wezi wamevamia nyumba ya mwalimu. Akatuma ujumbe, majirani wakatoka, wezi wakatoroka. Wakazi wengi hawakuwa hata na simu za intaneti; walipokea ujumbe wake kwa SMS bila malipo. Tangu hapo kisa hicho kimesimuliwa katika warsha nyingi za mawasiliano kama ushahidi kwamba Twitter inaweza kuwa chombo cha utawala.

Lakini tazama vizuri kilichotokea. Aliyepiga simu alikuwa na namba ya chifu. Chifu alijua nyumba ya mwalimu iko wapi. Majirani walijuana, na asubuhi chifu angekutana nao wote njiani. Teknolojia iliharakisha uhusiano ambao ulikuwa umeshajengwa kwa miguu, na kama ujumbe usingetumwa, kulikuwa na mtu mmoja wa kuulizwa kwa nini. Serikali zimeiga ujumbe zikamwacha chifu. Akaunti za wizara, za kaunti na za mashirika ya umma zinaendeshwa na vijana wa zamu wasio na mamlaka ya kufukua bomba wala kubadilisha transfoma, na majina yao hayajulikani na yeyote.

Chukua stima. Ukosefu wake Pipeline si habari ya kustaajabisha. Mkazi anayeandikia ukurasa wa huduma kwa wateja wa Kenya Power hujibiwa, tena mara nyingi hujibiwa upesi. Anaombwa atume inboksi namba ya akaunti au ya mita, mahali alipo, na namba yake ya simu. Kwa mwenye nyumba wa Lavington, utaratibu huo ni mwafaka. Katika ploti za Pipeline, mita ni ya landlodi. Mpangaji wa chumba kimoja kwenye ghorofa ya sita ama hulipia stima ndani ya kodi, ama ana mita ndogo iliyofungwa na mwenye ploti. Akaunti hana. Kwenye daftari la shirika la umeme, mtu huyu hayupo.

Maji yana hadithi hiyohiyo. Kampuni ya Maji na Majitaka ya Nairobi hutangaza ratiba ya mgao, mtaa kwa mtaa, na ratiba hiyo huzunguka mtandaoni. Lakini ratiba inaishia langoni. Kama maji yatapanda hadi ghorofa ya sita ni uamuzi wa mwenye tangi na pampu, na yasipopanda, mpangaji ananunua mtungi wa lita 20 kutoka kwa mchuuzi wa mkokoteni. Kampuni inamjua mwenye ploti. Vyumba mia vilivyo juu yake vinahesabiwa kuwa mteja mmoja. Ndiyo maana serikali inaweza kujigamba kwa dhati kwamba inajibu wateja wake wote, huku mtaa mzima ukiwa haujajibiwa.

Kuna madhara mengine ya kuitwa inboksi. Transfoma ikiungua, tatizo ni la ploti kumi kwa pamoja. Watu ishirini wakilalamika na wote ishirini wakaelekezwa faraghani, malalamiko ya mtaa yamegawanywa kuwa kesi ishirini za watu binafsi. Hakuna anayeona kwamba mwenzake ameahidiwa kitu kilekile wiki iliyopita. Hakuna daftari la wazi linaloonyesha transfoma iliripotiwa lini, fundi alifika lini, na imeharibika mara ngapi mwaka huu. Mwakilishi wadi hana takwimu za kupeleka bungeni City Hall, na mwandishi wa habari hana pa kuanzia. Kilichokuwa suala la umma kimegeuzwa kuwa huduma kwa mteja, na mteja akishapoa, suala limekwisha.

Lakini kipimo kikubwa zaidi hakihusu stima wala maji. Kinahusu habari ambazo serikali inazo na mwananchi hana.

Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, lori lililobeba gesi lililipuka katika eneo la Mradi, Embakasi, si mbali na Pipeline. Moto ulirukia nyumba za watu na maghala. Watu zaidi ya 270 walijeruhiwa. Vifo vitatu vilithibitishwa siku ya kwanza, na idadi ikaongezeka baadaye. Kufikia asubuhi, mitandao ya serikali ilikuwa imechangamka: msemaji wa serikali anatoa idadi, wakuu wanatoa pole, mashirika yanatoa taarifa. Kwa kipimo cha washauri wa mawasiliano, hiyo ilikuwa serikali iliyo karibu na watu wake.

Miongoni mwa taarifa hizo ilikuwemo ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati na mafuta. Ilieleza kwamba maombi ya kujenga kituo cha gesi mahali hapo yalikuwa yameletwa mara tatu, tarehe 19 Machi, 20 Juni na 31 Julai 2023, na kwamba mara zote tatu yalikataliwa kwa kutotimiza masharti, sababu mojawapo ikiwa msongamano wa watu katika eneo hilo. Upande wa pili, NEMA, mamlaka ya mazingira, ilikuwa imetoa leseni. Baada ya mlipuko maafisa wake walisimamishwa kazi, na Rais akasema waliotoa leseni kwa ufisadi washtakiwe.

Tarehe hizo tatu zinatosha kuivunja hadithi nzima ya ukaribu. Kwa miezi mingi chombo kimoja cha serikali kilikuwa na maandishi yanayosema gesi haifai kuwekwa kando ya nyumba hizo. Kilikuwa na akaunti za mitandao. Kilikuwa na wafuasi. Kila mwezi hutangaza bei mpya za petroli, na nchi nzima huzipata ndani ya dakika chache. Wakazi wa Mradi walijua kuhusu maombi yaliyokataliwa baada ya kuunguliwa. Habari iliyoweza kuwafanya wagome, waende mahakamani au wahame haikuwafikia. Iliyowafikia ni ile iliyoisafisha taasisi.

Hilo halikutokana na ubovu wa mtandao. Ndivyo mtandao unavyofanya kazi ukiwa mikononi mwa mwenye habari. Anayechapisha anachagua, na hakuna ofisi itakayochagua kwa hiari yake kutangaza kilichoishinda. Ndiyo sababu Katiba ya 2010 haikuacha jambo hili kwa hisani ya mtu. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaiagiza ofisi ya umma ijibu ombi kabla ya siku 21 kwisha, na ndani ya saa 48 ikiwa habari yenyewe inahusu uhai au uhuru wa mtu. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Mwombaji halazimiki kueleza sababu. Akinyimwa, anaenda kwa Tume ya Haki ya Utawala. Maoni yaliyoachwa chini ya posti hayana siku 21, hayana tume, wala hayana rufaa.

Tofauti hiyo ni ya kufa na kupona kwa mpangaji. Juni 2017 jengo la ghorofa saba liliporomoka usiku huko Kware, Pipeline, baada ya nyufa kuonekana. Wa kwanza kuuona ufa ni mwenye kulala chini yake. Washauri humwambia apige picha, aweke mtandaoni, ataje mtaa, aitaje kaunti. Hawamwambii kwamba picha hiyo itamfikia landlodi kabla ya kumfikia mkaguzi, na kwamba mpangaji asiye na mkataba wa maandishi anaweza kukuta kufuli mlangoni jioni hiyohiyo. Kelele za hadharani ni silaha ya mtu aliye na pa kulala.

Katika kambi ya wanaoamini, wapo wasiojali sana akaunti za huduma. Wao huelekeza kidole kwenye Juni 2024. Je, si mitandao iliyouangusha Mswada wa Fedha? Je, si Rais mwenyewe aliyeingia kwenye mjadala wa sauti wa X tarehe 5 Julai, akaulizwa maswali makali na vijana huku watu zaidi ya laki moja wakisikiliza?

Maswali hayo yanastahili jibu la moja kwa moja. Kilichotokea Juni 2024 kilikuwa raia wakizungumza na raia. Walisomeana mswada, walitafsiriana vifungu kwa lugha zao, walichangiana fedha za hospitali na mazishi. Serikali haikuanzisha mazungumzo hayo, yaliikuta. Na mswada haukuondolewa kwa sababu hashtegi ilivuma. Ulikataliwa tarehe 26 Juni, siku moja baada ya vijana kuingia Bunge na wengine kupigwa risasi barabarani. Kuuita ushindi huo mafanikio ya serikali kuzungumza na wananchi mtandaoni ni kuwanyang'anya waliokufa kilicho chao.

Kuhusu mjadala wa Julai, Rais alisikiliza, alijibu, na sifa hiyo ni yake. Kisha? Hakukuwa na kumbukumbu rasmi ya ahadi zilizotolewa, wala siku ya kurudi kuzihesabu. Kufikia mwisho wa mwaka huo Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilikuwa imehesabu visa 82 vya utekaji tangu Juni, vingi vikiwa vya vijana waliosema mambo mtandaoni. Mahali ambapo serikali ilidai kuja kuwasikiliza palikuwa pia mahali pa kuwatambua.

Mwaka uliofuata ulionyesha wazi zaidi. Mtaalamu wa programu, Rose Njeri, alitengeneza ukurasa uliomwezesha mwananchi kutuma barua pepe kwa kamati ya Bunge kuupinga Mswada wa Fedha wa 2025, jambo ambalo Bunge lenyewe huliomba kila mwaka kwa matangazo ya magazetini. Alikamatwa tarehe 30 Mei, akakaa seli wikendi nzima ya Madaraka, akashtakiwa chini ya sheria ya uhalifu wa kompyuta. Mahakama iliitupa kesi tarehe 20 Juni. Karibu wiki mbili kabla ya uamuzi huo, mwalimu na mwanablogu Albert Ojwang alikuwa amekamatwa Homa Bay kwa sababu ya posti iliyomhusu naibu inspekta jenerali wa polisi, akasafirishwa hadi Nairobi, na akafa akiwa mikononi mwa polisi. Serikali hiyohiyo inayosema "tuandikieni" ndiyo iliyoamua nani ameandika vibaya.

Mlango huu una mwenyewe, na mwenyewe huufunga apendapo. Machi 2019 akaunti za Rais Uhuru Kenyatta, zilizokuwa na wafuasi zaidi ya milioni tatu, zilitoweka siku moja. Ikulu ilisema zimeingiliwa, na baadaye yeye mwenyewe akasema amechoshwa na matusi. Tarehe 24 Juni 2024 Mamlaka ya Mawasiliano iliahidi kwamba intaneti haitazimwa; kesho yake, wakati wa maandamano, ilivurugika nchini kote, na kampuni za simu zikalaumu nyaya za baharini. Uganda ilikwenda mbali zaidi. Januari 2021 Facebook ilifuta kundi la akaunti bandia ikisema zinahusishwa na kituo cha serikali kilichoundwa mahususi kuzungumza na wananchi, chini ya wizara ya teknolojia. Rais Museveni akajibu kwa kuifungia Facebook nchi nzima siku chache kabla ya uchaguzi. Tanzania nayo iliifunga X mwezi Mei 2025. Mwananchi anayehamishia uraia wake kwenye majukwaa haya anaukabidhi kwa watu wawili wasiomjua: waziri na kampuni ya kigeni.

Imebaki hoja moja yenye uzito. Mabaraza, wanasema, ni mabaya kuliko mtandao. Yanaitishwa saa nne asubuhi siku ya kazi, wazee wachache wanapigiwa simu na mwanasiasa, wanapewa nauli, wanapiga makofi, na jina lake ni ushirikishwaji wa umma. Kijana wa Pipeline anayefanya zamu kiwandani hawezi kufika.

Ni kweli tupu. Lakini dawa ya baraza bovu imeshajaribiwa, tena ng'ambo ya barabara. Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalumu la mipango. Muungano wa Wanavijiji na washirika wake walizipanga kaya takriban 100,000 katika vikundi vya kaya kumi kumi, vikundi vikachagua wawakilishi, na wawakilishi wakakaa na wataalamu wa maji, barabara, afya na sheria. Mpango uliotokana na vikao hivyo uliongoza barabara, mitaro na hospitali zilizojengwa kuanzia 2020. Walioshiriki walikuwa wapangaji wa vyumba vya mabati, watu ambao hakuna shirika lililowahi kuwaita wateja.

Mpango huo haukuwakinga na kila kitu. Mwishoni mwa 2021 maelfu ya familia za Mukuru kwa Njenga zilibomolewa nyumba kupisha barabara. Hata hivyo walipopinga walikuwa na ramani, orodha za kaya na wawakilishi wanaojulikana, na ubomozi huo ukawa kashfa ya kitaifa. Ushahidi wa namna hiyo haukusanywi kwa maoni ya chini ya posti.

Hakuna anayetaka serikali ifunge akaunti zake. Tahadhari ya mafuriko ipitie X, na ratiba ya maji ipitie Facebook na WhatsApp, tena kwa Kiswahili, lugha ya taifa na lugha rasmi ambayo akaunti nyingi za serikali huikumbuka siku za sherehe tu. Kinachokataliwa ni kuhesabu matangazo hayo kama mazungumzo, na mazungumzo hayo kama utawala.

Kaunti ya Nairobi inaweza kuanza mwaka huu. Kila lalamiko linaloingia kwa njia yoyote, iwe simu, ofisi ya wadi au mtandao, liandikwe kwenye daftari moja lililo wazi, kwa jina la ploti na barabara badala ya jina la mtu, likiwa na tarehe ya kupokelewa na tarehe ya kutatuliwa. Daftari hilo libandikwe kila wiki ukutani katika ofisi ya wadi ya Pipeline. Leseni ya kila ghala la gesi na ripoti ya ukaguzi ya kila jengo zibandikwe langoni, mahali ambapo mpangaji anapita bila bando.

Nao wakazi hawana haja ya kungoja. Kikundi chochote cha ploti kumi kinaweza kuandika barua moja ya Kiswahili kwa EPRA, kwa NEMA na kwa kaunti, kikiomba orodha ya maombi yote ya maghala ya gesi na viwanda yaliyokataliwa au kukubaliwa katika wadi ya Pipeline, pamoja na orodha ya majengo yaliyokaguliwa na matokeo yake. Barua ipigwe muhuri wa kupokelewa, na nakala ibaki na kikundi. Siku ya 22 bila jibu, nakala hiyo ipelekwe kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo ina mamlaka ya kuiamuru ofisi husika itoe habari hizo.